Tochi Iliyobaki Rafuni

Kazi yangu ni kushika kamba. Watu wakisikia hivyo hudhani nachunga mbuzi, na wapo wanaonicheka mbele ya macho yangu. Nimewazoea, ila sijawasamehe. Mzamiaji hushuka kwenye maji ya bwawa, kamba imefungwa kifuani mwake, na ncha ya pili ninaishika mimi niliyesimama ukingoni. Akivuta mara moja, yuko sawa. Mara mbili, nimwongezee kamba. Mara tatu, anatoka. Mara nne, kuna tatizo. Miaka kumi na tisa nimezungumza na watu kwa njia hiyo, na ni mazungumzo mazuri kwa sababu hayana umbea.

Lakini leo si zamu yangu ya kujisifu. Nataka kumsimulia Shangazi, mtunza stoo wetu, ambaye hata kuogelea hajui, na asubuhi moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka viganja vinanitoka jasho.

Jina la Shangazi hatukulitunga. Ni shangazi kweli, wa mzamiaji wetu mmoja, mtoto wa kaka yake. Kaka mtu alifariki kwa maradhi mtoto akiwa na miaka sita, dada akamchukua, akamlea, akamsomesha, na alipokua akamtafutia nafasi kwenye kikosi chetu cha wazamiaji wa idara ya maji. Kwa kuwa yeye alimwita shangazi, nasi tukamwita hivyo hivyo. Na kwa kuwa bibi huyo kila mara alisema "huyu mpwa wangu," kikosi kizima kikamwita Mpwa. Hata meneja anamwita Mpwa. Ni mwanamume wa miaka thelathini na nne, kifua kama mlango, ana ndevu, ana mke na watoto wawili, na bado ni Mpwa.

Stoo ya Shangazi ni chumba kirefu chenye dirisha moja la kutolea vifaa. Ukiingia unapokewa na harufu ya mpira na grisi. Tochi za kuzamia zimepangwa rafuni tatu tatu, kwa sababu kila mzamiaji hushuka na tatu: moja kubwa ya mkononi, na mbili ndogo za akiba zinazoning'inia kifuani. Kila tochi ina namba iliyoandikwa kwa rangi nyeupe. Kila moja ina pete ya mpira pale inapofungwa, na pete hiyo ndiyo inayozuia maji yasifike kwenye betri. Shangazi huzitoa pete hizo moja moja, huzifuta, huzipaka grisi kidogo kwa ncha ya kidole, huzitazama kwa lenzi, kisha huzirudisha. Unywele mmoja ukinasa pale, maji yanapata mlango. Kwa hiyo yeye hufunga kichwa chake kwa kitambaa kuanzia asubuhi mpaka jioni, na ukienda dirishani umevaa sweta linalonyonyoka manyoya atakuuliza kama umekuja kuua mtu. Hana dogo huyo mama.

Basi mwaka ule tochi zetu kubwa zilikuwa zimezeeka. Zilififia kabla ya wakati, swichi zikawa na kisirani. Na kazi kubwa ilikuwa mbele yetu: lango la chuma ndani ya handaki la kutolea maji bwawani lilikuwa linavuja, na ilibidi watu waingie wakasugue kutu na kukagua mpira wake kabla mafundi hawajaleta mpya. Handaki lile lina urefu wa mita arobaini, upana ambao watu wawili wakipishana wanagusana mabega, na chini yake kuna tope laini la miaka mingi. Ukilitikisa kwa unyayo linainuka na kukaa juu nusu siku. Kazi ilipangwa Jumatatu. Tochi zilitakiwa kuchaguliwa ifikapo Ijumaa, na sahihi ya kuchagua ilikuwa ya mtunza stoo.

Akaja muuzaji mmoja mwenye viatu vyeupe. Alituita sote kwenye bwawa la kuogelea la hoteli moja, maji masafi unaona mpaka vigae vya chini, akawasha tochi yake ndani ya maji. Sitii chumvi: pale chini palikuwa kama ukumbi wa harusi. Mwanga ulitapakaa kila upande, ukuta hadi ukuta. Meneja alipiga makofi. Mpwa alikuwa ameingia majini na ile tochi, na alipoibuka macho yake yaling'aa kama ya mtoto aliyenunuliwa baiskeli.

"Hii ndiyo tochi!" alisema. "Hii ukiwa nayo hakuna kona isiyoonekana."

Shangazi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani. Aliuliza maswali matatu tu. Ikiwashwa kwa nguvu zote inadumu muda gani? Muuzaji akataja saa nne. Shangazi akasema zile saa nne zimeandikwa kwenye boksi pembeni ya alama ya mwanga mdogo kabisa, je, kwa mwanga huu tunaoupigia makofi? Muuzaji akakohoa, akasema kama dakika hamsini hivi. La pili, swichi hii ya kubonyeza mara tano ili kubadilisha mwanga, mtu mwenye glavu nene ataibonyezaje? La tatu lilikuwa fupi.

"Na kwenye tope?"

"Mama, tochi yenye nguvu hivi inachana tope lolote."

"Haya," Shangazi akasema. "Niachie moja nikaone inavyochana."

Kesho yake alitupa kazi ya ajabu. Pale karakana kuna hodhi ndefu ya saruji tunayooshea mitungi ya hewa. Aliijaza maji, akaagiza ndoo mbili za tope la bwawani, akalikoroga kwa mpini wa fagio mpaka maji yakawa rangi ya chai ya maziwa. Madirisha yote akayaziba kwa magunia. Kisha akatuambia, mimi, Mpwa na mzamiaji mwenzake Kobe, tuvae miwani ya kuzamia, tulale kifudifudi na kuchovya nyuso ndani. Kobe ni jina tu la utani, kwa sababu hana haraka na jambo lolote, hata chakula. Tulilala pale watu wazima watatu, matako juu, nikawa namwomba Mungu meneja asipite.

Shangazi aliwasha tochi ya harusi upande wetu, chini ya maji. Sikuona kitu. Nasema kitu chochote. Palikuwa na ukuta mweupe mbele ya pua yangu, kama umefunikwa shuka usoni. Vijichembe vyote vya tope viliushika ule mwanga na kuurudisha machoni.

Kisha akaweka tochi ya pili, aliyoipata kwa muuzaji mwingine asiye na maneno. Ilikuwa nyeusi, mbaya kwa sura, swichi moja ya kuzungusha, na mwale wake ulikuwa mwembamba kama fimbo. Haikuangaza pembeni hata kidogo. Lakini ile fimbo ilipenya, ikafika mwisho wa hodhi, na pale ukutani nikaona kidoti cha mwanga.

"Kidoti hicho ndicho mdomo wenu," Shangazi alisema tulipoinua nyuso. "Kule chini hamna sauti. Mwenzako akizungusha kidoti, yuko sawa. Akikipeperusha huku na huku, ana shida. Sasa ile nyingine ina kidoti? Ile ni kelele tupu. Tena tazameni hili."

Alimpa Kobe tochi nyembamba aende nayo upande wa pili wa hodhi, akamwambia Mpwa achovye uso tena huku tochi kubwa ikiwaka.

"Unakiona kidoti cha Kobe?"

Mpwa alitikisa kichwa: hapana.

Shangazi akazima tochi kubwa. Giza likaingia hodhini.

"Na sasa?"

Mpwa aliinuka haraka mno. Maji yalimchuruzika kwenye ndevu. "Nimekiona," alisema, "lakini huo ni mchezo wa hodhi. Kwenye handaki nani atazima tochi yake mwenyewe? Shangazi, wewe hujawahi hata kulowesha magoti. Anayeingia ni mimi. Nataka nione juu, chini, kulia, kushoto."

"Utaona maziwa juu, chini, kulia na kushoto."

"Bora maziwa kuliko kale kafimbo! Pembeni yake kote ni giza totoro. Unataka niingie shimoni na kafimbo?"

Shangazi alipandwa na hasira. Alimnyooshea kidole. "Najua sana kwa nini unaitaka ile. Wewe tangu..."

Alimeza neno lile, nililiona likishuka kooni.

"Tangu nini?" Kobe akauliza, maana Kobe ni mpole lakini anapenda kujua.

"Tangu asubuhi hajala," Shangazi akajibu. "Ndiyo maana ana kisirani."

Mpwa alitupa miwani kwenye ndoo akatoka. Ijumaa Shangazi alitia sahihi tochi nyembamba. Meneja alinuna, muuzaji wa viatu vyeupe akasema atakuja Jumatatu mchana kuchukua ile aliyoiacha. Na kuanzia siku hiyo Mpwa hakumsemesha shangazi yake. Alikuwa akifika dirishani anataja kifaa, anapokea, anaondoka. Kwa mama aliyemlea! Nilitaka kumpa vidonge vyake, lakini mke wangu aliniambia mambo ya shangazi na mpwa yana wenyewe, nikashika hamsini zangu.

Jumatatu ikafika. Maji ya mji mzima yalifungwa kwa saa nane ili tuweze kuingia. Saa mbili asubuhi Shangazi aligawa vifaa. Tochi namba tatu kwa Kobe, namba nne kwa Mpwa, na kila mmoja mbili ndogo za akiba. Mpwa alipokea bila kumtazama. Shangazi alimshika mkanda wa kifua, akavuta kila kifungo, akazibonyeza zile ndogo mbili moja moja kuona zinawaka. Mpwa alisimama kama mti, akitazama ukutani juu ya kichwa cha mama yule. Alipomaliza, Shangazi alibaki ameweka kiganja kwenye kile kifua kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akasema, "Nenda."

Saa nne na dakika tano wakazama. Kobe mbele, kamba yangu imefungwa kwake. Mpwa nyuma, akiishika kamba hiyo hiyo kwa mkono. Handakini hatuingizi kamba mbili, kwa sababu husokotana na kugeuka mtego. Sheria ni moja na kila mtu anaijua: aliye nyuma haachi kamba, na aliyefungwa akimpoteza mwenzake hamkimbilii. Anasimama papo hapo na kuwasha tochi yake mpaka aonekane. Mitungi ilikuwa na hewa ya dakika hamsini. Mzamiaji wa akiba alikaa kwenye benchi, nusu amevaa. Meneja alikuwa na saa mkononi.

Mvuto mmoja. Sawa. Mivuto miwili, nikaongeza kamba. Nilihesabu mafundo yakipita vidoleni: mita kumi, ishirini, thelathini na tano. Halafu kamba ikatulia. Wamefika langoni, wanasugua.

Ilikuwa saa nne na dakika ishirini na sita nilipomsikia mtu anakimbia kwenye kokoto. Sikuwa nimewahi kumwona Shangazi akikimbia. Kitambaa kilikuwa kimemdondoka kichwani, nywele zote nje. Alikuwa ameshika tochi, nyeusi, mbaya kwa sura. Namba nne.

"Nimeikuta rafuni, nyuma ya boksi la glavu," alisema akihema. "Boksi la ile kubwa liko tupu."

Nilielewa kabla hajamaliza. Mpwa alikuwa amerudi stoo kwa kuzunguka, akaiacha namba nne rafuni Shangazi akiwa na Kobe, akaitia ile ya harusi kwenye mfuko wa zana. Mimi niliwakagua ukingoni, nikaona mfuko, sikufungua mfuko. Miaka kumi na tisa ya kushika kamba, na sikufungua mfuko. Kosa hilo ni langu na sijapata wa kumgawia.

"Ana zile mbili ndogo," nilimwambia. "Na amemshika Kobe. Watatoka tu."

Nikiwa bado natamka, kamba ikavutwa. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Nilivuta mara moja, maana yake: wewe uko sawa? Nikasubiri. Kamba ikanijibu mara moja, polepole, kwa utulivu wa Kobe. Niko sawa.

Anayevuta yuko sawa, na bado kuna tatizo. Basi tatizo ni la mwenzake.

"Amempoteza," nilisema.

Meneja alianza kupiga kelele, mara huyu avae, mara yule apigiwe simu. Mzamiaji wa akiba aliinuka akafunga mtungi. Nilimwambia angoje. Akiingia sasa hivi atatibua tope lote lililobaki, na mle ndani tutakuwa na watu watatu wasioonana. Tulikubaliana dakika kumi. Kobe asipotoa habari nzuri ndani ya dakika kumi, mtu anaingia, liwalo na liwe. Dakika ishirini na moja za hewa zilikuwa zimeshatumika. Mwenye hofu huvuta hewa kwa pupa, kwa hiyo hamsini zake hazikuwa hamsini tena.

Shangazi aliketi kwenye saruji karibu na miguu yangu. Ile tochi aliikumbatia. Nilimsikia akinong'ona, nikadhani anasali. Kumbe ananiambia mimi.

"Yule anaogopa giza."

"Nani?"

"Mpwa wangu. Tangu baba yake alipozikwa. Alikuja kwangu na miaka sita, nikizima taa anapiga yowe mpaka majirani wanagonga ukuta. Nilimwambia, sikiliza, nitazima, wewe hesabu mpaka ishirini, ukifika ishirini usingizi utakuwa umekuja. Hakuwahi kufika kumi. Saba, nane, 'Shangazi washa!' Namuwashia. Kila usiku. Mpaka leo mke wake analala na taa ya ukumbini inawaka, anadhani ni ya kuwatisha wezi."

Niliendelea kuitazama kamba.

"Ningesema pale karakanani, angekubali tochi yangu kwa aibu," aliendelea. "Lakini mbele yako na Kobe? Mwanamume mzima? Nilishindwa. Nikasema nitatia sahihi, hasira zitapoa. Sasa yuko mle na kile kitu kimempofusha, kidoti cha Kobe kiko mbele yake hakioni. Ili akione inabidi azime." Aliikumbatia tochi zaidi. "Na kuzima hatazima. Namjua. Nimemlea mimi. Atakufa mwanga ukiwaka mkononi."

Alianza kulia bila sauti, mabega tu. Nami nilitamani kulia, nawaambia ukweli, ila mikono yangu ilikuwa na kazi. Dakika mbili zikapita. Tatu. Nne. Kamba ilikuwa imelala vidoleni kama uzi wa kushonea. Mle ndani Kobe alikuwa amesimama papo hapo, kama sheria inavyosema, na sijui kama kuna kazi ngumu kuliko hiyo, kusimama. Dakika ya sita mzamiaji wa akiba alivaa miwani. Ya saba meneja alikaa chini, saa ikiwa kifuani, akaacha kupiga kelele.

Dakika ya nane kamba ikavutwa.

Moja. Mbili. Tatu. Ikakoma.

Anatoka. Kobe anatoka. Lakini kamba haisemi "tunatoka." Katika lugha yetu hakuna mvuto wa kueleza uko na nani, na sikuwahi kuliona pengo hilo mpaka siku ile. Nilianza kukusanya kamba, mkono juu ya mkono, nikijaribu kuupima uzito kana kwamba vidole vyangu vingeweza kuhesabu watu. Fundo la thelathini na tano. La ishirini. Shangazi alikuwa amesimama, ameng'ang'ania mkanda wangu wa suruali kwa nyuma kama mtoto sokoni.

"Mmoja au wawili?" aliuliza. "Mmoja au wawili?"

"Tazama mapovu," nilimwambia.

Maji ya mlangoni mwa handaki yalikuwa ya kahawia. Povu la kwanza likapanda, likapasuka, yakafuata mengine, fungu moja, sehemu moja. Tulitazama. Fungu moja. Kisha, hatua mbili nyuma ya lile, maji yakachemka kidogo, yakatulia, yakachemka tena. Fungu la pili.

Kichwa cha Kobe kilitoka kwanza. Kikafuata cha Mpwa, mkono wake wa kushoto umeng'ang'ania mtungi wa Kobe kiasi kwamba tulipowafikisha ngazini ilibidi nimkunjue vidole kimoja kimoja. Midomo yake ilikuwa ya bluu. Kipimo cha hewa yake kilikuwa kimeingia kwenye alama nyekundu. Ile tochi kubwa ilikuwa inaning'inia kwenye kifundo cha mkono, kwenye kamba yake ndogo. Haikuwa inawaka.

Kobe alitueleza, kwa mwendo wake ule ule, kama anasimulia kilichotokea nchi nyingine. Walipofika langoni palimulika nyuma yake mpaka akadhani jua limeingia handakini. Mpwa aliacha kamba ili asugue kwa mikono miwili, tope likainuka, na alipogeuka kamba haipo. Kobe aliona weupe unahangaika huku na kule, unasogea mbali, unarudi. Akasimama. Akazungusha kidoti chake ukutani, akazungusha, akazungusha. Weupe haukukiona.

"Halafu weupe ukazimika," Kobe alisema. "Nikajua basi, betri imekwisha, jamaa ndio kaisha. Nikaendelea kuzungusha tu. Baadaye nikashikwa mguu. Roho iliniruka!"

Meneja alimgeukia Mpwa. "Betri ilikwisha?"

Mpwa alikuwa amekaa kwenye ngazi, amefunikwa blanketi, anatetemeka. Hakumjibu meneja. Alikuwa anamtazama Shangazi, aliyesimama mbele yake na namba nne mkononi, uso umemvimba kwa machozi na hasira, na nilijua kuwa katika vile viwili kimoja kitatoka sasa hivi, ila sikujua kipi. Shangazi aliinama, akaichukua tochi kubwa kutoka kwenye kifundo cha Mpwa. Akabonyeza swichi. Ikawaka, ukingo mzima ukawa mweupe mchana kweupe. Betri ilikuwa nzima.

Alimtazama mpwa wake.

"Niliizima," Mpwa alisema. Sauti ilikuwa ndogo, ya mtu mwingine kabisa. "Mwenyewe. Halafu nikahesabu."

Meneja akauliza anahesabu nini. Kobe akanitazama. Nilijifanya nakunja kamba.

"Nilifika kumi na saba, Shangazi. Ndipo nikakiona."

Shangazi alizima tochi. Aliiweka chini kwenye saruji, akaketi ngazini kando yake, juu ya maji yote yale yaliyokuwa yanamchuruzika, akakivuta kile kichwa kikubwa chenye ndevu akakilaza begani kwake.

"Zilibaki tatu tu," akamwambia.